Damu Yako Mwenyewe: Maswali na Majibu kwa Wanaojiandaa na Mtihani, Kindu

Maswali haya ni ya wanafunzi wa uuguzi na wa maabara wa Kindu. Mtihani wataufanya kwa Kifaransa, lakini usiku, wakikaa wanne kwenye taa moja ya sola, wanabishana kwa Kiswahili, na jambo ulilolibishania ndilo unalolikumbuka mbele ya karatasi. Majibu hayalingani urefu. La 1, la 2 na la 4 yapitie upesi. La 3, la 6, la 7 na la 8 kaa nayo, kwa sababu mtahini anayetaka kujua nani ameelewa na nani amekariri ataingilia hapo.

Swali la 1: Tiba zinazotumia protini za damu ya mgonjwa mwenyewe ni zipi?

Mgonjwa anatolewa damu kidogo, mara nyingi kati ya mililita 10 na 60. Damu inatenganishwa, na ile sehemu yenye protini zinazotakiwa inarudishwa mwilini mwake pale palipoumia: kwenye goti, kidonda, ufizi au jicho. Taja nne. Ya kwanza ni plazma yenye chembe sahani nyingi, ambayo vitabuni imefupishwa PRP. Ya pili ni utando wa fibrini wenye chembe sahani ndani yake, PRF. Ya tatu ni matone ya macho yaliyotengenezwa kwa seramu. Ya nne ni seramu ya damu iliyowekwa kwenye joto saa kadhaa kabla ya kudungwa, na hiyo tutaiona kwenye historia.

Usizichanganye na tiba ya seli shina. Humu hakuna seli mpya inayopandwa. Zinazofanya kazi ni protini.

Swali la 2: Plazma na seramu zinatofautianaje?

Plazma ni maji ya damu ambayo haikuruhusiwa kuganda. Seramu ni maji yanayobaki damu ikishaganda na bonge kuondolewa. Plazma ina fibrinojeni, gramu 2 hadi 4 kwa lita. Seramu haina, maana fibrinojeni yote imegeuka fibrini na kubaki ndani ya bonge.

Hapo wengi huishia na kupata nusu ya alama. Nusu nyingine ni hii: damu inapoganda, chembe sahani hufunguka na kumwaga zilichobeba. Kwa hiyo seramu ina vichocheo vya ukuaji ambavyo plazma iliyoondolewa chembe sahani haina.

Swali la 3: Eleza jinsi chembe sahani zinavyosaidia jeraha kupona, na taja jaribio lililothibitisha hilo.

Chembe sahani ni vipande vya seli kubwa za uboho. Mtu mzima mwenye afya ana kati ya 150,000 na 400,000 katika kila maikrolita ya damu, na kila moja huishi siku 7 hadi 10. Mtoto wa shule anajua kazi yake moja, kuziba. Ukijikata na panga shambani, ndizo zinazofika kwanza na kurundikana kwenye mpasuko.

Kazi ya pili ilichelewa kujulikana. Ndani ya kila chembe sahani mna vifuko vidogo vilivyojaa protini. Chembe ikiguswa na thrombini, au na nyuzi za kolajeni zilizoachwa wazi na jeraha, vifuko hivyo hufunguka. Hutoka vichocheo vya ukuaji: PDGF, TGF-beta, VEGF, EGF na vinginevyo. PDGF huita seli za kujenga na kuziamuru zigawanyike. VEGF huchochea mishipa midogo mipya ya damu iote. TGF-beta husimamia utengenezaji wa kolajeni, na ikizidi huacha kovu nene. Kwa maneno mengine, anayekuja kuziba shimo la ukuta amebeba pia barua ya kumwita fundi.

Sasa jaribio. Mwaka 1974, Russell Ross na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walikuwa wakikuza seli za misuli laini za mishipa ya nyani kwenye vyombo vya maabara. Walipozilisha seramu ya damu iliyoganda, seli zilizaana. Walipozilisha seramu iliyotokana na plazma isiyo na chembe sahani, zilikaa vilevile, hai lakini bila kuzaana. Wakachukua plazma ile ile, wakaiongezea chembe sahani na kalisi, na seli zikaanza tena kugawanyika. Ikawa wazi kuwa kichocheo kinatoka kwenye chembe sahani zenyewe. Ndiyo PDGF tunayoitaja leo.

Angalia ustadi wa jaribio hilo: kitu kiliondolewa, kazi ikasimama, kikarudishwa, kazi ikarudi. Ukiulizwa kwa nini wanasayansi waliamini, jibu ni hilo, wala si orodha ya herufi kubwa.

Swali la 4: Taja kwa ufupi historia ya tiba hizi.

Mwaka 1998 Robert Marx, daktari wa upasuaji wa taya huko Miami, Marekani, alichapisha matokeo ya wagonjwa 88 waliopandikizwa mfupa kwenye taya. Waliowekewa PRP pamoja na mfupa, mfupa wao ulikomaa haraka zaidi. Ndiye pia aliyesisitiza kiwango cha chembe sahani milioni 1 kwa maikrolita, kinachonukuliwa hadi leo.

Mwaka 2001 Joseph Choukroun wa Ufaransa alirahisisha mambo. Hakutumia dawa ya kuzuia kuganda. Damu huzungushwa mara tu inapotolewa, na inaganda humo humo kwenye tyubu. Katikati hubaki kitu kama utumbo mweupe laini ambacho ukikibana kinakuwa utando, ndiyo PRF. Unaweza kuushona.

Huko Düsseldorf, Ujerumani, Peter Wehling na Julio Reinecke walikwenda njia nyingine kuanzia miaka ya 1990. Waliweka damu kwenye bomba lenye shanga ndogo za kioo, wakaiacha saa kadhaa kwenye joto la mwili, sentigredi 37. Seli nyeupe zikigusana na kioo hutoa kwa wingi protini inayozuia interleukini-1, ile inayokula gegedu la goti. Mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant alisafiri hadi huko mwaka 2011 kutibiwa goti, na tangu hapo dunia nzima ikalijua jina la mji. Jina la mgonjwa maarufu halihesabiwi kuwa ushahidi. Usiliandike kwenye karatasi ya mtihani ukitegemea litakupa alama.

Swali la 5: Unaandaaje PRP? Taja makosa yanayoiharibu.

Mwulize mgonjwa kwanza amemeza nini. Aspirini huzima kila chembe sahani kwa maisha yake yote, na mwili unahitaji siku 7 hadi 10 kutengeneza nyingine. Ibuprofeni na diklofenaki huzizuia pia, ila kwa muda mfupi zaidi. Papa mwenye goti linalouma amekwisha kununua vidonge sokoni zamani, hata kama hakusema. Uliza kwa jina la dawa, uliza kwa rangi ya kidonge, uliza tena.

Damu huchotwa kwenye tyubu yenye sitrati. Sitrati hushika kalisi, na bila kalisi damu haigandi. Tyubu yenye kifuniko cha zambarau, ile ya EDTA tunayoitumia kila siku kuhesabu seli, haifai hapa, kwa kuwa EDTA hubadilisha umbo la chembe sahani. Kosa hili ni rahisi mno kufanyika, kwa sababu tyubu ya zambarau ndiyo imejaa kwenye kabati.

Mzunguko wa kwanza wa mashine ni wa taratibu: seli nyekundu hushuka chini, plazma ya manjano hubaki juu ikiwa bado na chembe sahani, na katikati kuna utando mwembamba wa seli nyeupe. Unaivuta plazma, unaihamishia tyubu nyingine safi, unaizungusha tena kwa nguvu zaidi. Safari hii chembe sahani ndizo zinazoshuka. Unaondoa sehemu kubwa ya plazma ya juu na kuzichanganya chembe kwenye kiasi kidogo kilichobaki. Ukihitaji zifunguke mara moja, unaongeza kloridi ya kalisi, ukirudisha kile ambacho sitrati ilikishika.

Kosa lingine ni kutikisa tyubu kama soda. Chembe sahani hukasirika upesi, na zikifunguka ndani ya tyubu zinamaliza kazi kabla ya kufika kwenye jeraha.

Swali la 6: Kitabu kinasema «zungusha kwa mizunguko 1,500 kwa dakika». Kwa nini maelezo hayo hayatoshi? Fanya hesabu.

Kwa sababu kinachotenganisha damu ni nguvu ya msukumo, na nguvu hiyo inategemea pia umbali kati ya mhimili wa mashine na tyubu. Kanuni ni hii:

nguvu = 0.00001118 × r × N²

Hapo r ni umbali kwa sentimita, na N ni mizunguko kwa dakika. Jibu linatoka kwa kipimo cha «mara ngapi ya mvuto wa dunia».

Mashine yenye r ya sentimita 10, ikizunguka 1,500: 0.00001118 × 10 × 2,250,000 = karibu 252.

Mashine yenye r ya sentimita 15, kasi ile ile: karibu 377.

Kasi ni moja, lakini nguvu imezidi kwa nusu nzima. Kwenye mashine ya pili chembe sahani nyingi zitashuka pamoja na seli nyekundu, na utaishia kumdunga mgonjwa maji ya manjano tu. Sasa ongeza kasi ya mashine ya kwanza hadi 3,000: nguvu inafika karibu 1,006. Kasi imekuwa mara mbili, nguvu imekuwa mara nne, kwa sababu N imezidishwa kwa N. Watu hupoteza alama hapa kwa kuandika «mara mbili».

Basi ukifika kwenye maabara yoyote, chukua rula upime kutoka mhimili hadi sehemu ya chini ya tyubu ikiwa imelala. Uandike kwa kalamu isiyofutika ubavuni mwa mashine. Atakayekuja baada yako atakushukuru.

Swali la 7: Wagonjwa wawili wamechotwa mililita 10 za damu kila mmoja. Wa kwanza ana chembe sahani 200,000 kwa maikrolita. Wa pili ana malaria, na ana 60,000. Mashine yako huokoa asilimia 60 ya chembe sahani, nawe unazikusanya kwenye mililita 2. Kila mmoja atapata PRP ya kiwango gani?

Mililita 10 ni maikrolita 10,000. Mililita 2 ni 2,000.

Wa kwanza: 200,000 × 10,000 = bilioni 2. Asilimia 60 ni bilioni 1.2. Gawa kwa 2,000, unapata 600,000 kwa maikrolita. Umezidisha mara tatu ya kiwango chake, ingawa hujafika milioni 1 ya Marx.

Wa pili: 60,000 × 10,000 = milioni 600. Asilimia 60 ni milioni 360. Gawa kwa 2,000, unapata 180,000.

Itazame namba hiyo ya mwisho. Baada ya sindano, tyubu, mashine na saa nzima ya kazi, unachoshika mkononi kina chembe sahani pungufu kuliko damu ya kawaida ya yule mgonjwa wa kwanza ambayo hujaigusa. Umetengeneza PRP kwa jina tu. Malaria hushusha chembe sahani mara nyingi sana, na katika jimbo letu la Maniema kupima malaria kabla ya kazi hii ni hatua ya kwanza. Vitabu vingi vya PRP viliandikwa katika nchi ambako hakuna mtu wa kukumbusha hilo. Nisingemlaumu mwandishi wa Miami. Ningemlaumu mwanafunzi wa Kindu akisahau.

Tena, bila kuhesabu chembe sahani kabla na baada, hujui umedunga nini. Kliniki nyingi za urembo na za magoti duniani hazihesabu.

Swali la 8: Je, tiba hizi zinaponya? Toa ushahidi.

Jibu la «ndiyo» au «hapana» litakupa sifuri. Uliza kwanza: nini, na wapi?

Goti lililochakaa. Mwaka 2021 watafiti wa Australia wakiongozwa na Kim Bennell walitoa matokeo ya watu 288 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Nusu walidungwa PRP mara tatu, mara moja kila wiki. Nusu walidungwa maji ya chumvi, na hawakujua wamepata ipi. Baada ya miezi 12, kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, waliopata PRP walishuka pointi 2.1, waliopata maji ya chumvi pointi 1.8. Tofauti hiyo haina maana kitabibu. Gegedu nalo halikuokolewa. Zingatia lakini kwamba wote walipata nafuu! Ndiyo maana mtu aliyedungwa atakuapia kwamba imemsaidia, naye hasemi uongo. Asichojua ni kwamba maji ya chumvi yangemsaidia karibu sawasawa. Ziko tafiti nyingine ndogo zilizoona faida kwenye goti, kwa hiyo mjadala haujafungwa, ila ukiulizwa ni ipi yenye uzito, taja hii.

Kano ya kisigino. Uholanzi, mwaka 2010, watu 54: PRP haikushinda maji ya chumvi.

Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari. Hapa hali inabadilika. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza, Denmaki na Uswidi lenye watu 269. Mililita 18 za damu ya mgonjwa huzungushwa dakika 20 bila kuongezwa chochote, na hutoka kiraka cha fibrini, chembe sahani na seli nyeupe. Kinawekwa juu ya kidonda mara moja kwa wiki. Ndani ya wiki 20, vidonda vilifunga kwa asilimia 34 ya waliowekewa kiraka, na asilimia 22 ya waliopata huduma bora bila kiraka. Fanya hesabu: kwa kila watu 8 hivi unaowatibu, mmoja zaidi anapona. Tangu Aprili 2021 bima ya serikali ya Marekani ya wazee hulipia PRP kwa vidonda sugu vya kisukari, hadi wiki 20. Goti hawalilipii.

Mimi nasoma orodha hii hivi. Pale ambapo jeraha liko wazi na chembe sahani zingefika zenyewe kama mwili ungekuwa na nguvu, kuziongeza kuna mantiki na kuna ushahidi wa kiasi. Pale ambapo tatizo ni uchakavu wa miaka 30, unapeleka barua ya kumwita fundi kwenye nyumba ambayo mafundi walishahama.

Swali la 9: Papa mmoja wa miaka 58, mkulima wa mpunga wa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, ana kisukari na kidonda ndugu chini ya unyayo kwa miezi minne. Mtoto wake amesikia simuni habari za «sindano ya damu yako mwenyewe» na anauliza kama aiuze pikipiki ampeleke baba Nairobi. Utamjibu nini?

Kwanza msalimie papa, umwombe ruhusa, umvue kiatu. Kisha, kwa utaratibu: gusa mapigo ya damu kwenye mguu, juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Mguu usiofikiwa na damu hautaponywa na protini za damu. Pima sukari. Chokoa kidonda taratibu kwa kifaa safi. Ukigusa kitu kigumu, mfupa umeshaingiliwa na hilo ni jambo jingine kabisa. Ondoa nyama iliyokufa na ukingo mgumu. Kisha ondoa uzito juu ya kidonda. Hii ndiyo tiba inayodharauliwa kuliko zote, kwani haina sindano. Mkulima anayeingia shambani kila asubuhi anakanyaga kidonda chake hatua maelfu kwa siku, na hakuna kiraka kinachoshindana na hatua hizo. Kiatu kilichokatwa na kutiwa sponji, magongo, mtoto kushika jembe miezi mitatu: andika hivyo kwenye karatasi, mtahini ataona kwamba unajua Kindu.

Lile jaribio la watu 269 lilianza na wiki nne za huduma hizi hizi, na wale ambao kidonda chao kilipungua kwa nusu au zaidi hawakuingizwa kabisa. Maana yake, kiraka kilikuwa kwa ajili ya waliobaki baada ya huduma ya msingi.

Na hesabu ya safari: mara moja kwa wiki, wiki 20, ni mara 20 kuvuka Lualaba kwa mtumbwi na mililita 360 za damu kwa jumla. Damu hiyo si nyingi kwa mtu mzima asiye na upungufu. Safari ndizo nyingi. Mwambie kijana asiiuze pikipiki. Ndiyo itakayomleta baba ukingoni mwa mto kufungwa kidonda.

Swali la 10: Matone ya seramu hutumika lini, na hatari yake ni ipi?

Hutumika kwa macho makavu sana na kwa konea isiyofunga jeraha. Seramu ina EGF, fibronektini na vitamini A, vitu ambavyo machozi ya kawaida pia huwa navyo. Wazo la kuiweka kwenye jicho ni la miaka ya 1970, na Tsubota wa Japani mwaka 1999 ndiye aliyeieneza kwa kipimo cha asilimia 20 ndani ya maji ya chumvi.

Haina kihifadhi, na seramu ni chakula kitamu cha bakteria. Hudumu mwezi mmoja kwenye sentigredi 4, miezi mitatu kwenye barafu ya sentigredi 20 chini ya sifuri. Palipo na umeme wa kukatika, chupa hiyo inakuwa shamba la vijidudu unalolimwagilia jichoni.

Onyo la hapa nyumbani: mtoto mwenye konea iliyochubuka baada ya surua hahitaji seramu. Anahitaji vitamini A leo hii, yuniti 200,000 kama ametimiza mwaka mmoja, 100,000 kama ana miezi 6 hadi 11, kesho yake tena, na dozi ya tatu baada ya wiki mbili au zaidi.

Swali la 11: Kweli au si kweli: «Congo ilitumia tiba hii Kikwit mwaka 1995.»

Si kweli, na ni mtego mzuri. Ebola ya Kikwit iliwapata watu 315, na karibu 8 kati ya kila 10 walikufa. Wagonjwa 8 waliongezewa damu ya watu waliopona, 7 wakaishi. Lakini ile ilikuwa damu ya mtu mwingine, na kilichotafutwa ni kingamwili, si vichocheo vya ukuaji. Tena wagonjwa wale walihudumiwa vizuri kuliko wa mwanzo, kwa hiyo 7 kati ya 8 haithibitishi peke yake.

Ila mlango ulifunguka. Miaka 11 baadaye, mmoja wa waliopona Kikwit alitoa damu, na kutokana nayo watafiti, akiwemo Profesa Jean-Jacques Muyembe wa taasisi ya utafiti INRB, Kinshasa, walipata kingamwili mAb114. Ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina kuanzia Novemba 2018 kwa wagonjwa 681 wa Ebola pamoja na dawa nyingine tatu: waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35, waliopewa ZMapp, mojawapo ya hizo tatu, asilimia 50 hivi. Marekani iliiidhinisha Desemba 2020. Ukiulizwa protini ya damu iliyotoka Congo ikawa dawa ya dunia, hii ndiyo.

Swali la 12: Hakuna umeme. Je, inawezekana kutenganisha damu?

Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford alipotembelea kliniki Uganda mwaka 2013 aliikuta mashine ya bei kali ya kuzungushia damu imewekwa kuzuia mlango, kwa sababu umeme haukuwepo. Mwaka 2017 yeye na wenzake walionyesha kifaa cha karatasi na uzi, cha senti 20 za dola, kinachofanya kazi kama ule mchezo wa watoto wa kifuniko cha soda kilichopondwa, kutobolewa matundu mawili na kupitishwa uzi: vuta, legeza, vuta. Kilifika mizunguko 125,000 kwa dakika na kutenganisha plazma ndani ya dakika moja na nusu.

Usikimbilie kuandika kwamba hapo tatizo limekwisha. Kinabeba matone ya damu kwenye mrija mwembamba, kiasi cha kupimia, wakati PRP inataka mililita 10 na zaidi. Kwa kiraka cha kidonda jibu bado ni mashine ndogo ya mezani, sola na betri.

Swali la 13: «Damu ni ya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo tiba hii haina hatari.» Jadili.

Sehemu moja ni kweli: mwili hauikatai damu yake, na mzio ni nadra. Maneno «damu yako mwenyewe» ndiyo yanayouza tiba hii kila mahali, kuanzia Düsseldorf hadi saluni za ngozi za Dar es Salaam na Nairobi. Lakini hatari iko njiani, kati ya mshipa na tyubu, na kati ya tyubu na sindano ya kurudisha.

Mwaka 2018 huko New Mexico, Marekani, sehemu moja ya urembo iliyokuwa ikiwadunga wateja usoni damu yao wenyewe ilifungwa. Wakaguzi walikuta tyubu za damu zisizo na majina na vifaa vya kutumika mara moja vikitumika tena. Aprili 2024 shirika la afya la nchi hiyo, CDC, lilitangaza kwamba wateja waliambukizwa VVU pale. Walikuwa wamekwenda kupunguza makunyanzi.

Kwa hiyo andika: glavu mpya, sindano mpya, tyubu isiyotumika tena, ngozi iliyosafishwa, na kamwe usichote dawa ya ganzi kwenye kichupa kimoja kwa watu wawili kwa sindano ile ile. Kwenye goti, kijidudu kimoja kikiingia, mtu aliyekuja akichechemea anaweza kuondoka na goti lililojaa usaha.

Na tyubu zinafanana. Mkiwa na wagonjwa wawili asubuhi moja, mashine inapenda kujazwa pande mbili ili isitikisike, basi utaziweka zikitazamana. Zikitoka, ipi ya nani? Huko New Mexico zilikosa majina. Hapa Kindu jina peke yake halisaidii sana: ita «Ramazani» kwenye baraza la hospitali uone wanaume wangapi watainuka. Andika jina, la baba, mwaka wa kuzaliwa na saa uliyochota, uandike mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yako, na kabla ya kudunga mwonyeshe tyubu asome mwenyewe. Asiyejua kusoma, msomee wewe kwa sauti naye aitikie.